Popo wa Dada Zaina na Popo wa Mama Salma

Tangu nirudi, kila anayeniona ananiuliza London kulikuwaje, na kila mmoja namjibu kulikuwa salama, kisha nabadilisha mazungumzo. Juzi mmoja wenu, simtaji, kaniambia nimerudi na maringo ya Ulaya. Haya, kaeni kitako. Nasimulia mara moja tu, na baada ya hapo asiniulize mtu. Habari za tiketi na foleni za viza nitaziruka.

Kwanza jueni kwamba niliondoka na hasira. Mama yetu alipofariki mwaka juzi, dada yangu Zaina, aliye London miaka mingi, hakuja kuzika. Sababu yake naijua: makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa hayajatoka, na angetoka nje ya nchi ile asingerudishwa ndani. Sawa. Lakini simu? Nilimpigia siku ya maziko, nikampigia kesho yake, nikampigia tulipoanua matanga. Ikawa inaita mpaka inakata. Mimi ndiye niliyemkosha mama, mimi ndiye niliyepokea wageni, na dada yangu wa tumbo moja hakunipa hata neno la pole. Nikalimeza jambo hilo. Lilikaa kifuani likinichoma, na kila tulipozungumza baadaye tulizungumza habari za mvua na baridi.

Ndipo mwezi wa Mei akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanaisha, mdogo wangu, njoo kabla sijafa. Na usisahau kile kifaa chako cha popo."

Kwa atakayesoma haya na hanijui: nafundisha elimu ya wanyama chuoni Tanga, na popo ndio kazi yangu. Nimezeekea kwenye mapango ya Amboni. Popo akiruka hupiga kelele nyembamba mno, sikio la mtu haliwezi kuzipata. Kifaa changu, ambacho ni kidogo kama redio ya mfukoni, huzishusha kelele hizo mpaka zikasikika. Sasa mtu anayekufa anakitakia nini kifaa hicho? Nilimpigia mumewe, shemeji Bakari. "Njoo tu, shemeji," akasema, "mambo ni makubwa," akakata. Nikaomba ruhusa kazini, nikafunga begi.

## Tanga hadi Dar

Basi lilisimama Segera ili tule. Abiria tulikula, tukamaliza, tukarudi kwenye viti. Dereva alikuwa bado ana paja la kuku mkononi na kisa mdomoni, na wenzake wanamcheka. Nilishuka nikamwambia nina dada anakufa Ulaya. Akanipa pole ya dhati kabisa, akavuta kiti, akanikaribisha kuku. Ukigombana na mtu kama huyo unaonekana wewe ndiye mwendawazimu. Nilirudi ndani nikatafuna hindi la kuchemsha lililokuwa gumu kama kokoto, na tulipofika Chalinze nilikuwa bado namtukana kimoyomoyo.

Uwanjani Dar ndege ilichelewa. Walitangaza saa moja, wakatangaza nyingine, kisha wakaacha kutangaza kabisa. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza mbona nimenuna hivyo. Nikamwambia ndivyo nilivyozaliwa.

## Uwanja wa jangwani

Tulibadilisha ndege kwenye uwanja mmoja mkubwa wa Uarabuni, wenye maduka ya dhahabu na hauna pa kunyoosha mgongo. Pale kwenye ukaguzi askari akakitoa kifaa changu kwenye mkoba.

"Hiki ni nini?"

"Cha kusikilizia popo."

Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Nikaeleza kwa Kiingereza changu cha darasani, polepole, tangu mwanzo: popo, kelele, sikio. Mkubwa akanisikiliza kwa makini, akauliza popo wenyewe wako wapi, nimewaficha wapi. Wakamwaga mkoba mzima mezani kutafuta popo. Kanga zangu, mswaki wangu, kipande cha muhogo mkavu. Walipomaliza kucheka na kunirudishia vitu vyangu, ndege ya London ilikuwa imeshapaa.

Nilikaa sakafuni nikaongea peke yangu. Kando yangu alikuwa ameketi mwanamke mnene, mchangamfu, kitenge cha njano, naye ameachwa na ndege ileile. Mtu wa Bukavu, anasafisha maofisi London. Aliniambia nimwite Mama Furaha.

"Mama, uko nakasirikia nani?" akaniuliza. "Ndeke ilishaenda, haiwezi kukusikia."

Akanimegea mkate aliokuwa ameupaka karanga za kusaga, na chai kwenye kikombe cha karatasi. Nikala, kwa sababu hasira na njaa vikikaa pamoja mtu anaweza kuanguka. Nikamweleza kwamba dada yangu mgonjwa.

"Iko na ugonjwa gani?"

"Hajasema."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, tena kwa mumewe."

"Ah!" akasema Mama Furaha huku akikung'uta makombo. "Mara moja ni kusalimia tu."

Nilichukia. Mgeni wangu wa saa moja, ananifundisha kuzungumza na dada yangu! Nilimpa kisogo nikajifanya nasinzia. Baadaye nilipozinduka kweli kutoka usingizini nilikuta amenifunika kitenge chake kingine, na yeye ameshaitwa kwenye ndege nyingine iliyotangulia yangu. Ninacho mpaka leo, na sijui nitamrudishia vipi.

## Heathrow hadi Hayes

Begi langu kubwa lilibaki jangwani. Nikatoka pale nje nikiwa na mkoba, kitenge cha Mama Furaha na nguo zilizonilala mwilini tangu Tanga. Aliyekuja kunipokea: hakuna. Nilisimama nikiwatazama watu wanavyokumbatiana mpaka nikawajua wafanyakazi wa pale kwa sura. Shemeji Bakari anafanya kazi kwenye ghala la mizigo ambalo, nawaapia, ukisimama mlangoni kwake unauona uwanja. Akafika anahema.

"Samahani, shemeji. Shifti ilichelewa kuisha, halafu trafiki."

"Dada yuko hospitali gani?"

Akaanza kuhangaika na mkanda wa gari. "Yuko nyumbani," akasema. "Utamkuta."

Hayes, mtaa wa pembezoni mwa London, iko pua na mdomo na uwanja. Maghala, maduka ya Kihindi, nyumba za matofali zilizopangwa kwa jozi, na ndege zinapita juu ya mapaa chini sana, kila mtu akianza kusema lazima anyamaze zipite. Nyumba ya dada ni nusu ya jozi moja: nyumba mbili zilizogawana ukuta wa katikati na kufunikwa na paa moja. Mlango ukafunguliwa. Akatoka Dada Zaina, kanga kiunoni, mashavu yanang'aa, amenenepa, mkono una unga wa chapati.

"Mdogo wangu!"

"Unaumwa nini?" nikamuuliza kabla hajanikumbatia.

"Siumwi."

"Uliniambia unakufa!"

"Nitakufa," akasema, akaelekeza kidole juu. "Kwa yaliyomo darini."

Popo, jamani. Popo! Nimevuka nusu ya dunia, nimekaguliwa kama mwizi, begi langu limepotea, kwa sababu ya popo darini. Nilipiga kelele mpaka shemeji akaenda kujifungia jikoni. Chapati zilikuwa laini, na mchuzi wa kuku wa nazi umekolea kama wa mama, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi ya yote. Nilikula nikigomba.

Kisa chake ni hiki. Nusu ya pili ya nyumba ile ni ya Mama Salma, mwanamke wa Pemba. Walianza kazi siku moja kwenye nyumba ya kulelea wazee, wakawa marafiki wa kuazimana chumvi na siri, na walipopata uwezo wakatafuta kwa makusudi nyumba zilizogawana ukuta. Mama alipofariki, Dada Zaina aliweka tanga hapohapo Hayes. Sasa, sisi watu wa pwani msiba hauna kadi ya mwaliko. Jirani husikia, akaja, akakaa chini na mfiwa. Mama Salma, asemavyo dada, hakuja. Kiangazi kilichofuata, popo wakaingia darini. Dada akaunganisha moja na moja.

"Katutumia," akaniambia kwa sauti ya chini, akitazama ukuta. "Pemba wanajua mambo hayo."

"Dada, wewe umesoma."

"Nimesoma, ndiyo. Na popo wako juu, wasikilize."

Na Mama Salma naye, kumbe, alikuwa akiwaambia watu kwamba popo wametoka kwa Zaina, na Tanga nako kuna mambo yake. Hawajasemeshana tangu hapo. Dada alikuwa ameamua kuiuza nyumba aliyoifanyia kazi usiku na mchana ujana wake wote, ahamie Leicester ambako hamjui mtu. Jumamosi fundi wa paa anakuja kuziba matundu, ili wanunuzi wasijue lolote. Mimi nimeitwa kufanya mambo mawili. La kwanza, kuthibitisha kwa kifaa changu kwamba popo ni wa Mama Salma. La pili, kuwafukuza.

Nikamwambia mwezi wa Juni popo wana watoto. Akiziba, watoto watafia ndani, nyumba itanuka mpaka barabarani, na sheria ya huko inakataza kabisa. Akaniambia mimi siku zote nimekuwa upande wa wanyama.

## Hayes hadi Tooting

Kesho yake akaniomba radhi, akasema twende Tooting, upande wa pili wa London, tukanunue mihogo na ukwaju, nipumzike kidogo. Nikakubali, mjinga mimi. Tulipanda treni, tukabadilisha nyingine ya chini ya ardhi, joto kama la tanuri, watu wamebanana na hakuna anayemsalimia mwenzake. Nilimsalimia kijana mmoja, akahamia upande wa pili.

Duka lenyewe ni la Mzee Ratilal, Mhindi mzaliwa wa Tanga aliyeondoka akiwa kijana. Kiswahili chake kimebaki kilekile cha mtaani kwetu cha zamani, kizuri kuliko cha wanafunzi wangu.

"Bandari ingalipo?" akaniuliza.

"Ingalipo, mzee."

"Alhamdulillahi," akasema, Mhindi wa Kibaniani, nikajua kweli huyu ni wa kwetu. Akanipa kachori za moto na chatine, akanifungulia mlango wa nyuma. "Wanakusubiri, mama."

Chumba kilijaa wanawake. Wamekaa kimya kwenye magunia ya mchele na viti vya plastiki, wamejitanda, mmoja ana chupa ya maji mapajani. Nilidhani kuna msiba. Aliyekuwa mbele, muuguzi wa Mombasa, akainuka akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Daktari, karibu sana. Mimi shida yangu si popo hasa. Ni bwana. Amebadilika, haongei. Nimeambiwa wewe ukiwatuma popo wanakuletea habari."

Nilimgeukia dada. Alikuwa anasoma lebo ya mkebe wa nazi kwa bidii kubwa.

Ndiyo, ndugu zangu. Dada yangu alikuwa ameeneza London nzima kwamba mdogo wake anakuja kutoka Tanga na kwamba huyo mdogo ni bingwa wa popo, na watu wetu wakisikia bingwa wa popo kutoka Tanga hawawazi maabara. Mimi, mwalimu wa miaka mingi, nimepangiwa wagonjwa nyuma ya duka la mihogo!

"Mimi ni mwalimu!" nikapaza sauti. "Nafundisha! Sitibu, siagui, situmi mtu wala mdudu!"

"Lakini unaongea na popo," akasema mwenye chupa.

"Siongei nao. Nawasikiliza."

"Na wanasemaje?" akauliza Mzee Ratilal kutoka mlangoni, kwa heshima zote.

Nikatoka. Yule muuguzi nilimwonea huruma baadaye, si wakati ule. Mzee akanifuata mpaka kwenye matunda, akanitilia mihogo kwenye mfuko, akaniambia polepole, "Usimkasirikie sana dada yako. Yule jirani yake Mpemba hupita hapa. Kila akija ananiuliza: Zaina kapita? Kanunua nini? Anakula? Nami namwambia, mama, mnakaa ukuta kwa ukuta, unaniuliza mimi wa Tooting?"

Kwenye treni ya kurudi niliishiwa na adabu. Niliyoyameza kwa miaka miwili yalitoka yote, kwa Kiswahili, katikati ya behewa la watu waliokuwa wakitazama viatu vyao.

"Popo wakiingia darini unaniita kabla hujafa. Mama alikufa kweli, hukupokea hata simu! Nilikupigia siku ngapi, Zaina? Mimi niko na maiti ndani, nakupigia wewe!"

Sijapata kumwita Zaina tupu tangu nizaliwe. Yeye alikumbatia mfuko wa mihogo mpaka Hayes, na kutoka stesheni alitembea mbele yangu kama mtu nisiyemjua.

## Mtaani, tukingoja jua lizame

Jioni ya Ijumaa nilitoka nje na kifaa changu, maana fundi alikuwa anakuja kesho yake, na nilitaka niwe na la kumwambia. Jua la Juni la huko halina adabu. Watu wa Tanga wameshalala usingizi wa pili, huko ndiyo kwanza magharibi inaingia. Nilisimama kwenye kona ya paa upande wa dada. Yeye akasimama kizingitini, hasemi nami. Shemeji Bakari alikuwa ameshika pipa la taka akijifanya analipeleka mahali.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hii ndiyo kazi yangu. Ulaya kuna popo wadogo wa aina mbili, udugu wao wa karibu sana. Kila mmoja anaenea kwenye kiberiti, uzito wake kama sarafu. Mmoja ana uso mweusi kidogo, wa pili uso wake unaelekea wekundu, na hata hapo mabingwa hukosea wakiwa nao mkononi. Kwa miaka mingi wataalamu waliwahesabu kuwa aina moja. Kilichowatenganisha ni sauti. Kwenye kifaa, mmoja sauti yake hujaa ukikiweka kwenye namba arobaini na tano ya kipimo cha wembamba wa sauti, wa pili mpaka upandishe hamsini na tano. Wanaowasoma huwaita hivyohivyo kwa namba. Wa arobaini na tano hula popote, bustanini na barabarani. Wa hamsini na tano hupenda maji, huzaa kwa makundi makubwa, na ananuka zaidi.

Popo wa kwanza akachomoka chini ya kigae. Halafu wa pili, halafu watatu pamoja. Nikazungusha kitufe. Kwenye hamsini na tano zilisikika chembechembe tu. Nikashusha mpaka arobaini na tano, ikaja nzito, tap, tap, tap, kama mtu anayepiga kofi maji kwenye beseni. Nikahesabu hivyo kwa wote waliotoka upande ule. Wote arobaini na tano.

Nikaenda kona ya pili, upande wa jirani, unaoelekea mfereji mkubwa wa maji. Dirisha likafunguliwa.

"Nani weye?" Kichwa cha mwanamke mwembamba, mtandio wa kijani. "Watafuta nini ukutani kwangu?"

"Shikamoo, Mama Salma. Mimi Mwanaisha, mdogo wake Zaina."

"Marahaba. Una sauti ya nduguyo," akasema, na akashuka akafungua mlango, lakini hakuvuka kizingiti chake.

Upande wake walitoka wengi, kama maji yanayomwagwa, na harufu kali ikashuka nao. Arobaini na tano: chembechembe. Nikapandisha hamsini na tano, na makofi yakajaa. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Paa moja, ukuta mmoja, na kila upande una popo wake, aina mbili tofauti, hawachanganyiki.

Nikawaambia wote wawili pale walipo, mmoja huku, mmoja kule. Popo wa Dada Zaina hawakutoka kwa Mama Salma. Popo wa Mama Salma hawakutoka kwa Dada Zaina. Kila mmoja wamemjia wa kwake. Nilidhani nimemaliza kesi.

"Si unaona!" akaruka dada yangu. "Wake ndio wanaonuka! Nilisema mimi!"

"Na wako ndio wanaokwaruza usiku!" akajibu Mama Salma. "Miaka miwili waniambia nimekuletea mie!"

"Na wewe ulisema nini kwa watu?"

Haya yote kupitia mbele ya uso wangu, mimi nimesimama kwenye nyasi na kifaa kinapiga tap, tap. Damu ikanipanda kichwani.

"Nyamazeni!" nikasema. "Nimekuja kutoka Tanga, sina hata nguo ya kubadilisha, nawaambia jambo moja tu na hamlisikii! Hakuna aliyemtumia mwenzake kitu. Mnagombania nini?"

Ndege ikapita, tukangoja. Ilipokwisha, sauti ya dada ilikuwa imeshuka.

"Msibani kwangu hakuja," akasema. "Mama yangu, Mwanaisha. Hakuja."

"N'likuja," akasema Mama Salma.

"Mwongo."

"N'likuja asubuhi, natoka kazini, na sare yangu mwilini. Mumeo akafungua. Kanambia umelala, hutaki mtu."

Tukamgeukia shemeji Bakari. Akaliweka pipa chini.

"Ulikuwa ndiyo kwanza umepata usingizi," akamwambia mkewe. "Nikaona usiamshwe."

"Na hukuniambia alikuja?"

"Nilisahau."

Nilikitazama kifaa changu mkononi, nikafikiria kumpiga nacho. Miaka miwili ya watu wawili, nyumba inauzwa, mimi niko Hayes, kwa sababu ya nilisahau!

Mama Salma alikuwa anaendelea, anamwambia dada lakini anatazama ukuta. "Nkarudi kwangu. Nkakaa pale kitandani, nkaegemea ukuta wetu. Ulikuwa hujalala weye, au uliamka. Siku zile zote wewe unalia na simu inalia. Simu inalia, unalia, huipokei. Inanyamaza, unanyamaza. Inaanza tena, unaanza tena. Nkasema huyu hawezi kusema na mtu. Basi nkakaa palepale nkamsomea mamako Yasini, upande wangu. Kila siku, hata wewe uliponyamaza."

Popo walikuwa wameshakwisha kutoka.

"Simu ile ilikuwa yangu," nikasema.

"Najua," akasema dada. Alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti, kanga mdomoni. "Nilikuwa naliona jina lako. Ningepokea, ungeniambia mmeshamzika. Nikawa naona nisipopokea, bado yupo."

Mama Salma alivuka nyasi akakaa kando yake kizingitini. Hawakukumbatiana, mambo ya sinema hayakuwepo. Alikaa tu kama jirani anavyokaa na mfiwa, miguu imekunjwa, mkono kwenye goti la mwenzake, na mimi nikabaki nimesimama na hasira zangu, sijui niziweke wapi.

Fundi alipokuja Jumamosi alikuta wanawake wawili mlangoni, na alielezwa sheria za popo mara mbili, kwa lafudhi mbili, hadi akaondoka akiomba radhi. Habari za Leicester hazikutajwa tena.

## Kurudi

Begi langu lilipatikana siku mbili kabla sijaondoka, limelowa. Uwanjani walinisindikiza wote wawili, wakigombana njia nzima nani ameniwekea sambusa nyingi zaidi. Shemeji Bakari aliendesha gari bila kufungua mdomo, na ndivyo inavyompasa kwa muda.

Nadhani mtaniuliza kama hasira ziliisha. Hazikuisha. Makaratasi ya dada, kumbe, yalitoka tangu mwaka jana, na alikuwa hajaniambia. Aliniambia kwenye simu, nikiwa nimeshafika Tanga, mwisho wa Agosti, aliponipigia kunieleza kwamba dari imekuwa kimya.

"Wamekwenda wote," akasema. "Wangu na wa Mama Salma. Nimekaa hapa nawasikiliza, hakuna kitu. Watarudi?"

"Mwakani. Majike hurudi palepale walipozalia."

"Na watoto?"

"Watoto wa kike nao hurudi," nikasema. "Hurudi kwa mama yao."

Nilimsikia akivuta pumzi. Ndipo aliposema habari ya makaratasi, na kwamba kilichomzuia mwaka mzima ni kuogopa kuingia mlango ule na mama hayupo ndani. Nilimgombeza, mnanijua. Nilimwambia mimi naingia mlango ule kila siku na mama hayupo ndani, na nimechoka kuingia peke yangu. Akakata simu. Nikakaa nikitweta, nikijisemea sasa nimeharibu, hatapokea tena.

Leo asubuhi nimempigia kumuuliza anakuja lini. Simu haikumaliza mlio wa kwanza, akapokea.